Mashine Saba Zenye Karatasi Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi ametangaza kuwa idara yetu itapata kiongozi. Tunaofaa ni wawili: mimi na dada wa meza ya kulehemu. Yeye huunganisha waya za mashine za kupimia moyo, mimi huzikagua. Mkono wake mwepesi, kazi yake safi. Inaudhi. Lazima nimpate na kasoro.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima mashine zake ishirini kwa kile kiboksi kinachoigiza mapigo ya moyo. Zote nzima. Kiboksi kinampendelea. Kesho natumia moyo wa kweli. Wangu.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nimejibandika vibandiko kifuani, nikachomeka waya. Mchoro kwenye skrini ulikwenda vizuri, ukaruka, ukarudi. Mashine ya pili vilevile. Hadi ya saba. Zote nimezipachika karatasi nyekundu za kasoro. Nikapanda ngazi mbio kwa msimamizi, nikafika nahema, maneno hayatoki. Furaha, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Dada ameitwa ajieleze. Hakubishana. Alijipima kwa mashine zote saba. Mapigo yake yamepangika kama mshono wa cherehani. Akanigeukia, akauliza taratibu kama huwa nasikia kizunguzungu. Nikasema ni njaa tu.
"Kaka," akasema, "mashine ni nzima. Twende hospitali."
Akaacha kazi yake mezani. Alinishika mkono njia nzima, kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Ijumaa, 7 Machi
Wodini. Daktari anasema moyo wangu unaruka mapigo. Ningechelewa mwezi mmoja, asingeahidi kitu. Sasa dawa zitatosha. Mke wangu alilia, akamkumbatia dada, kisha akanigombeza mimi.
Kando ya kitanda ipo mashine kama zetu. Nimeitazama sana. Kuna mtu aliinama mezani akazilehemu waya zile moja moja, wala hakujua nani atalala hapa. Macho yamenilowa.

Jumatano, 12 Machi
Nimerudi kazini. Nimeomba radhi mbele ya wote, nimemshukuru dada. Yeye ndiye kiongozi, na nimefurahi kwa moyo wote, huuhuu mbovu.
Sasa anatafutiwa naibu. Wanatutaja mimi na mzee wa kufungasha. Mtu mpole, leo kaniletea chai bila kuombwa. Inasemekana boksi lake halijawahi kufunguka njiani.
Kesho nafika mapema, niyatikise maboksi yake kidogo.