Kiti cha Enzi na Mlango wa Lifti

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amepiga simu kutoka ng'ambo. Amepewa nafasi kwenye tamthilia! Si ile nafasi ya kuingia na trei, kuiweka mezani na kutoka. Ana maneno. Ana wimbo. Sehemu ya pili anamfukuza mume wake nyumbani mbele ya watu. Jumba kubwa, viti vya mahameli. Ametuwekea tikiti mbili, mimi na mama yake, onyesho la mwisho, Jumamosi ya tarehe 29. Nauli juu yake.

Mke wangu alilia. Mimi nikasema ni vumbi la mbao limeniingia machoni.

Niseme ukweli hapa, maana shajara haina mdomo. Sijawahi kumwona mtoto huyu akiigiza. Tangu rundo la mbao liliponiangukia kiunoni, miguu yangu ni pambo tu. Na kila alipoigiza pakawa na ngazi. Ukumbi wa shule yao ulikuwa ghorofani. Mama yake akipanda, mimi nikibaki chini kwenye chumba cha madawati mabovu, nikisikiliza dari. Miguu yake naijua. Anagonga kisigino kwanza, kama mdai. Sura yake akiwa jukwaani siijui.

Safari hii nitaiona. Naapa kwa randa yangu.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yameanza kuharibika. Bibi wa jumba la maonyesho amemuuliza binti yangu swali. Je, kiti cha magurudumu cha mzee kina upana gani? Ukumbi uko juu, lifti ni ya zamani, mlango wake haupitishi kitu kinachozidi sentimita sabini.

Niseme habari za kiti changu. Nimekitengeneza mwenyewe. Mbao ngumu, vanishi mara tatu, mikono imechongwa maua, chini kuna droo ya penseli na miwani. Wateja wanakiita Kiti cha Enzi. Mtu mmoja tu anakiita kabati linalotembea, naye ni Cheche, mchomeleaji wa vyuma aliye ng'ambo ya barabara. Miaka yote amekuwa akinibembeleza anitengenezee kiti cha chuma. Chuma! Mimi, fundi seremala, nikalie chuma mbele ya wateja! Si afadhali nitundike bango kwamba mbao zimenishinda?

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amepima kiti. Amesema sabini na sita. Nikacheka moyoni. Futi yangu ya kupimia imekatika mwanzo, sentimita kumi za kwanza zililiwa na msumeno zamani, kwa hiyo chochote inachosoma lazima utoe kumi. Wanawake hawajui mambo haya. Nikatoa kumi. Sitini na sita! Kiti kinapita na kucheza ngoma ndani.

Nimempa binti yangu hiyo namba. Bibi wa jumba amefurahi, amenihifadhia nafasi. Iko moja tu ya mtu wa kiti, mbele kabisa, karibu na jukwaa. Nikajisukuma hadi ukingo wa barabara, nikamtangazia Cheche kwamba kabati linapanda ndege. Akaniuliza nimepima na nani. Wivu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwisha.

Mke wangu alikuwa akikunja nguo. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, ilikuwaje sabini na sita ikakubaliwa na mlango wa sabini. Nikamweleza habari ya kutoa kumi. Akaacha kukunja. Akasema kumi alishaitoa yeye, kabla hajaniambia. Akasema ameolewa na futi ile kabla hata hajazoea kuolewa na mimi.

Nimetoa mara mbili. Kiti ni sabini na sita kweli.

Akashauri tumwambie Cheche. Nikamwambia afadhali nibaki nyumbani nisikilize dari. Akasema sawa, basi baki. Hakuna kitu kinachoniumiza kama mwanamke anayekubali haraka.

Lakini sijaishiwa. Kiti kikiwa kinene, kinapunguzwa. Randa ninayo.

Jumatano, 12 Machi

Nimepunguza mikono ya kiti. Maua yote chini, yamekuwa maranda. Nilifumba macho wakati wa ua la mwisho. Kisha nikakata fremu katikati, nikatoa kipande, nikaunga tena. Kiungo kizuri, hakionekani.

Imebaki ekseli ya magurudumu, nayo ni ya chuma. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu hapa mtaani mkata chuma ni mmoja. Nikamtuma shemeji yangu aipeleke kwa Cheche na kusema ni ya toroli. Nilimfundisha maneno mara tatu. Ni ya toroli, shemeji. Toroli la mtu usiyemjua.

Alirudi na ekseli imekatwa vizuri mno. Cheche hakutaka malipo. Alimwambia shemeji amsalimie toroli.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimekijaribu kiti. Kilinipokea kwa heshima. Kikatulia, kikawaza kidogo, kikalia kwii. Kisha kikalala sakafuni, na mimi juu yake, na droo ikaniangukia tumboni na penseli zote.

Kile kiungo kisichoonekana sasa kinaonekana vizuri kabisa.

Mke wangu alisimama mlangoni akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha akaziba mdomo. Nikamwambia aendelee tu, yangu yalishavunjika, methali imechelewa. Tukacheka sana, mimi sakafuni, yeye mlangoni. Halafu mimi nikaacha kucheka, na lile vumbi la mbao likaniingia tena machoni. Alikaa chini karibu nami.

Sina kiti. Sina safari. Nimelazwa kwenye benchi langu la kazi kama ubao unaosubiri msasa.

Jumatatu, 17 Machi

Cheche amekuja. Nilijifanya nimelala, lakini benchi ni gumu na mtu hawezi kulidanganya kwa muda mrefu.

Amekuja na kiti. Cha chuma, chepesi, kinakunjika kama mwavuli. Kasema alikianza siku ile ile nilipojigamba barabarani, maana Kiti cha Enzi alishakipima kwa macho. Upana sitini na mbili. Na kitu cha kunitia wazimu: amekipaka rangi ya kahawia, akachora mistari ya mbao kwa brashi. Hata vifundo vya mbao kachora! Kasema ni ili nisione haya.

Nilimjibu kwamba mistari imekwenda kinyume na mbao halisi. Ndiyo asante niliyompa. Akasema karibu, akaondoka.

Jioni binti yangu akapiga. Mama yake alikuwa ameshamweleza yote, na chumvi juu. Nikaanza kusema habari ya mwaka ujao, panapo majaliwa. Akanikatiza. "Baba, nimeigiza mbele ya watu wote wa dunia isipokuwa wewe. Njoo hata kwenye ndoo."

Nikakubali kukalia chuma.

Jumatano, 26 Machi

Kesho ndege. Mke wangu amelala. Mimi niko karakana, na mtu asiniulize nafanya nini.

Nimekaa kwenye kiti cha Cheche juma zima. Kinakwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Wateja wanakisifu. Mmoja ameuliza kama Cheche anatengeneza na makabati.

Siwezi kuingia jumba la mahameli nikiwa nimekaa juu ya kazi tupu ya mtu mwingine. Binti yangu atanitambuaje? Nimeongeza mikono miwili tu ya mbao. Yale maua, nimeyachonga upya. Imetokeza nje kidogo, vidole viwili kila upande. Inafika sabini na kitu. Lakini mimi ni fundi, najua siri ya milango. Hakuna fundi anayetengeneza mlango bila kuacha nafasi ya pumzi. Ukiambiwa sabini, ujue sabini na mbili inapita.

Nimetumia skrubu, gundi na vijiti vya kupigilia. Haitikisiki hata ukiivuta kwa ng'ombe. Mke wangu nitamwambia asubuhi kwamba ni zawadi kutoka kwa Cheche.

Jumamosi, 29 Machi

Mlango wa lifti ni wa chuma. Chuma hakiachi nafasi ya pumzi.

Niandike taratibu. Tulifika mapema. Mke wangu kavaa gauni jipya, kajipulizia manukato hadi mlinzi akapiga chafya. Binti yetu alikuwa ndani akijiandaa. Mhudumu kijana anayetunza makoti ya wageni akafungua lifti, akanisukuma. Tap! Mkono wa kulia. Akanirudisha, akanigeuza. Tap! Mkono wa kushoto. Mke wangu akainama, akaangalia maua. Akaniangalia mimi.  Afadhali angenigombeza.

Kengele ikalia. Nikamwambia apande, mmoja wetu amwone mtoto. Alikataa, nikamsihi, akapanda ngazi akigeuka nyuma kila hatua.

Nikamwonyesha mhudumu kwa ishara wanibebe. Kama gunia, sijali. Ndiyo, ni mimi niliyeomba hilo! Akatikisa kichwa akaonyesha kibao ukutani. Hawaruhusiwi kubeba watu ngazini. Siku niliyoamua kumeza kiburi, kikakataliwa mlangoni.

Wakamwita fundi wa jukwaa, yule anayejenga nyumba za uongo za kwenye tamthilia. Akaja na bisibisi. Akatoa skrubu zote. Akavuta mkono wa kiti. Haukutoka. Akavuta akiwa ameegemeza mguu ukutani. Haukutoka. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kiungo, akaninyooshea mimi kidole kuuliza kama ni kazi yangu. Nikajipiga kifua. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Kisha dari ikaanza.

Kisigino kwanza. Nilimjua kabla hajafika katikati. Akatembea kutoka kushoto hadi kulia, akasimama muda mrefu. Akarudi mbio. Watu wakacheka. Baadaye hatua zake zikawa nzito, nzito sana, zikakoma mahali pamoja, na jumba zima likanyamaza hadi nikasikia saa ya ukutani. Nilikaa chini ya mbao za jukwaa, pamoja na makoti ya watu. Nimevuka bahari kuja kusikiliza dari.

Fundi wa jukwaa akaenda kutafuta msumeno, akarudi na wazo bora zaidi: kiti cha ofisini, kile cha kuzunguka. Wakanihamishia humo. Wakakisukuma ndani ya lifti, nikizunguka. Lifti ikapanda kwa kuguna. Mlango ukafunguka.

Makofi! Watu wote wamesimama. Nikaona migongo. Mtu mmoja akapisha, nikamwona. Ameinama. Akainuka, uso wote mwangaza, jasho, rangi nyekundu mashavuni. Ni mzuri. Ni mrefu kuliko nilivyofikiri. Akainama tena, na pazia likafungwa.

Ndicho nilichokiona.

Jumapili, 30 Machi

Binti yangu alishuka jana akiwa bado na rangi usoni. Mama yake alikuwa hajamwambia habari ya lifti. Akaniuliza, baba, umeona? Nikasema nimeona yote. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata ikichechemea.

Akauliza sehemu gani imenipendeza. Nikasema pale ulipotembea kushoto hadi kulia, ukasimama, ukarudi mbio. Na pale ulipokuwa mzito hadi watu wakaacha kupumua. Akanikumbatia akalia. Akasema hakuna aliyeitaja sehemu hiyo, wote wamesifu wimbo. Mke wangu alinifinya mgongoni, akaniachia. Leo nina alama.

Wimbo sikuusikia. Nadhani ndipo walipokuwa wakinihamishia kwenye kiti cha kuzunguka.

Cheche amepiga simu kuuliza kama kiti kiliingia. Nikamwambia kiti chake kimekwama. Akasema pole, lazima alikosea vipimo, atakitengeneza upya bure. Mke wangu alikuwa akisikiliza. Amesema sikio la kufa halisikii dawa, na kwamba akifika nyumbani anavuka barabara kumweleza Cheche mwenyewe.

Habari njema: tamthilia inarudi jumba hili hili mwaka ujao, na binti yangu anabaki na nafasi yake. Amenishika mashavu akaniapisha. Nije na kiti cha chuma kitupu, bila mkono wa mbao hata mmoja. Nimeapa mbele ya mama yake. Na nitatimiza. Mikono ya mbao, basi tena, nimekoma. Nimeona kwa macho yangu.

Nitaweka ubao kwenye egemeo la mgongo tu. Nyuma hakuna mlango. Mwembamba, wenye maua machache, na labda droo.