Pakanga za Viti vya Mbele

"Ifahamike kwa wote, wenye vibali na wanaosubiri vibali, kwamba kuanzia leo kanisa letu ni Msimamizi Rasmi wa Ardhi, na kwamba tabianchi, ipende isipende, itashughulikiwa!"

Hénock alitangaza hayo kwa kipaza sauti, amesimama juu ya kreti la soda, kwenye kilima cha mtaa wa Bertrams, huku ugenini kusini, ambako kanisa lake la Wakongo husali kila Jumapili. Kipaza sauti hakikuwa na betri. Haikumpunguzia kitu, Mungu alimjalia kifua. Siku za kazi alilinda mlango wa duka la mapazia mtaa wa Fordsburg. Jumapili alikuwa Mkuu wa Protokoli, yaani ndiye anayeamua nani akae mbele na nani akae nyuma, na kanisani kwao hakuna serikali iliyo juu ya hiyo.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi ya mazingira ilikubali kuwaachia kilima waendelee kusali, kwa sharti moja: waoteshe pakanga, kile kichaka kichungu cha majani ya kijivu ambacho Wazulu hukiita umhlonyane na kukichemshia kikohozi. Kilikuwa kinatoweka, maana jua siku hizi ni kali kuliko zamani, na mvua ikija huja na hasira zake. Mwezi wa tatu angekuja mkaguzi. Akikuta pakanga hai, kilima ni chao. Akikuta imekufa, wakasalie kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakiimba ikiwa nyekundu na kukimbia ikiwa kijani.

Basi ikaundwa kamati. Papa Pacifique, fundi nguo mwenye suti za rangi ambazo bado hazijapewa jina, akawa prezida. Wakachaguliwa makamu watatu, ili mmoja akiugua wabaki wawili wa kugombana. Kiplagat, Mkenya wa benki aliyealikwa kwa sababu ana kompyuta, akaandaa Mkakati Jumuishi wa Kukijengea Kichaka Ustahimilivu dhidi ya Mabadiliko ya Tabianchi.

"Kwa ufupi, tunakijengea kichaka uwezo," alieleza.

"Na chenyewe kimekubali?" akauliza Mama Jeannine, msusi.

Akaambiwa muda wa maswali bado.

Mama Jeannine naye alikuwa na miche yake ya pakanga. Basi lilimharibikia Musina, kule mpakani kwenye joto la kukaanga yai juu ya jiwe, akaing'oa kando ya barabara ili asirudi mikono mitupu. Aliipakata njia nzima. Sasa alitaka ipandwe mbele.

"Ina karatasi?" aliuliza Papa Pacifique, ambaye foleni ya karatasi zake mwenyewe aliianza akiwa bado mwembamba.

"Papa, ni majani!"

"Ndiyo maana nauliza. Wageni wakija ovyo ovyo, wenyeji watatufikiriaje?"

Wote wakatikisa vichwa kwa uchungu, kana kwamba wamezaliwa hapo hapo Bertrams.

Hénock akamaliza ubishi. Mbele, bondeni kwenye udongo laini karibu na barabara, palipandwa miche ya waheshimiwa, iliyonunuliwa dukani na kuvalishwa utepe. Mche wake aliuweka mstari wa pili, kwa unyenyekevu. Kisha akapiga filimbi na kutoa amri: kila mtu na akae penye mche wake, asihame. Mama Jeannine akaonyeshwa kule juu, kwenye mawe.

"Nyuma kuna nafasi, mama," alimwambia, kwa tabasamu alilolifanyia mazoezi.

Joto likaja. Kamati ilikaa, ikaona joto halimo kwenye ajenda, ikalipuuza. Waheshimiwa walimwagiwa maji asubuhi na jioni. Wa nyuma waliachiwa maombi. Halafu Krismasi ikashuka mvua ya mawe, na baada yake mvua ya kubomoa kuta. Maji yaliteremka kilimani, yakapita mistari yote bila kusalimia, yakaenda moja kwa moja viti vya mbele, yakakaa. Hénock aliyapigia filimbi. Hayakunyanyuka.

Mwezi wa tatu akaja mkaguzi, Bi Najma, mzaliwa wa Tanga. Alisimama kwenye matope, akitazama vijiti vyeusi vyenye utepe.

"Hawa ni akina nani?"

"Waheshimiwa," alisema Hénock.

"Wamekufa."

"Wamepumzika," alisahihisha Papa Pacifique.

Bi Najma akainua macho. Kule juu mawe yalifunikwa na majani ya kijivu, na katikati yake Mama Jeannine amekaa, anajipepea. Mkaguzi akapanda hadi kwake, akachuma jani, akalinusa.

"Kilima mnacho," alisema kwa sauti. "Lakini nitakiandika kwa jina la anayesimamia pakanga hizi. Ni nani?"

Papa Pacifique alikwisha kujitwika kiti chake kichwani na kuanza kupanda. "Mimi ndiye prezida! Nakuja!"

Watu wote wakamgeukia Hénock. Hénock ana kasoro nyingi, na anazipenda, lakini hajawahi kukosea kiti cha mtu. Akapiga filimbi.

"Kila mtu penye mche wake!"

Papa Pacifique akaduwaa, kiti kichwani. Hénock mwenyewe akarudi mstari wa pili, akakalia matope taratibu, kwa heshima zote, suruali yake nyeupe ikinywa maji.

"Mama Jeannine," aliita prezida, safari hii kwa sauti ya upole, "huko kweli hakuna nafasi hata kidogo?"

Mama Jeannine akajipepea.

"Mbele kuna nafasi, papa."