Kinanda cha Kaka Hakitulii

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mjane wa kaka, ameamua. Jumapili ndugu wote wakutane kwake, mwaka mmoja tangu tumzike kaka, na kinanda chake kilie tena. Anataka wimbo ule kaka aliomtungia wakiwa wachumba. Ni kinanda cha umeme cha zamani, cha kabla ya kompyuta, kizito kama kabati. Kasoro yake ni moja: noti haitulii. Unabonyeza, inaanza sawa, kisha inapanda yenyewe, taratibu, bila haya. Nimemwambia shemeji aniachie mimi. Sijawahi kutengeneza hata pasi! Lakini atakayekiponya ndiye atakayekirithi, hilo liko wazi, na damu nzito kuliko maji. Hakiendi kwa Fundi Miwani. Huyu ni fundi redio, rafiki wa kaka tangu ujana. Ameshaulizia hali ya kinanda mara mbili, kwa upole. Watu wapole ni wa kuogopwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimekileta nyumbani na kufungua kifuniko. Ndani kuna skrubu ndogo kumi na mbili za kurekebishia sauti, kila moja ina tone jekundu, gumu, kichwani. Uchafu! Marehemu alijaliwa mengi, usafi haukuwamo. Nimekwangua yote kwa wembe, asubuhi nzima. Zinang'aa. Nikazungusha ya kwanza, sauti ikashuka mno. Nikazungusha ya pili ili kuisaidia ya kwanza. Ya tatu ili kuisaidia ya pili. Alasiri mke wangu akauliza ni paka wa nani anayelia.

Jumatano, 6 Machi
Nimegundua! Ni joto. Kikiwa baridi sauti iko chini, kikipata moto inapanda. Dawa ya moto ni baridi, mtoto mdogo anajua. Feni mbili, na mfuko wa barafu juu ya sakiti. Mke wangu akakumbusha kwamba maji na umeme havipatani. Nikamwomba aheshimu utafiti. Noti ilitulia dakika nne, dakika nne tukufu, kisha mfuko ukavuja. Fyuzi ya nyumba imeungua. Mke wangu amewasha mshumaa, akauweka mbele yangu. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi Miwani alipita. Akauliza, amesimama mlangoni, kama huwa nakiwasha na kukiacha saa nzima kipate moto ndipo nikirekebishe. Akasema vinanda vya namna hii havikimbizwi, na kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikamshukuru na kufunga mlango. Methali ni kichaka cha wavivu. Nimezungusha skrubu zote kumi na mbili upya, haraka, kabla hakijapata moto.

Ijumaa, 8 Machi
Leo kinanda kinatoa noti mbili kwa mpigo. Zote si zenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji amekuja kutazama. Akachungulia ndani, akauliza rangi nyekundu iko wapi. Nikamweleza nilivyosafisha. Nilieleza kwa fahari, Mungu anisamehe.
Akakaa kwenye kiti. Akasema ile ilikuwa rangi yake ya kucha. Kila kaka alipopata sauti aliyoitaka, yeye alidondosha tone juu ya skrubu ili isisogee tena. Mara ya mwisho walifanya hivyo wiki moja kabla ya hospitali. Kaka mikono ilikuwa inatetemeka, yeye akamshikia bisibisi. Hakunigombeza. Aliomba maji ya kunywa tu.
Nimeona aibu. Sina neno jingine. Nimekwenda mwenyewe kwa Fundi Miwani.

Jumapili, 10 Machi
Kinanda kimerudi kwa shemeji. Fundi alifika asubuhi, akakiwasha, akakaa mbele yake saa nzima, mikono magotini. Kisha akachukua bisibisi, skrubu moja baada ya nyingine, akiimba chinichini wimbo wa kaka. Kila alipomaliza moja, shemeji aliweka tone. Alipopiga, noti zilisimama pale pale. Shemeji alilia. Nami nililia, nikasingizia vumbi.
Kinanda hakiendi kwa yeyote, kinabaki kwa shemeji. Mimi nimepewa kazi: kila Jumapili nifike mapema, nikiwashe, nisubiri saa nzima, nisiguse kitu. Nimeapa mbele ya ukoo.

Jumapili, 17 Machi
Zamu yangu ya kwanza. Saa nzima! Kwa mtu mwenye akili timamu! Joto ni joto, halijali limetoka wapi. Nimekuja na draya ya nywele ya mke wangu. Kwa hesabu yangu, dakika tano zinatosha. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeelekeza draya ndani. Nimebonyeza noti ya kwanza. Shemeji, aliyeko jikoni, ameisikia na ameanza kuimba. Noti inapanda. Nimemwambia apande nayo.