Glasi kwa Mujibu wa Cheo

Wizara ya Ulinganifu wa Vyakula na Vinywaji iliutangazia umma kwamba, baada ya vikao visivyohesabika, taifa limepata mvinyo wake rasmi: mwekundu, mchanganyiko wa mapipa matatu, ulioongezwa brandi ili nguvu yake ilingane na hadhi ya Serikali. Mapipa yalikuwa matatu kwa sababu Wizara ina idara tatu, na hakuna idara iliyokubali kuachwa nje ya chupa.

Kazi ya kupanga mvinyo huo unywewe na chakula gani alipewa msichana aliyeajiriwa kwa majaribio, ambaye ofisi nzima ilimwita Kisoda. Jina lilitokana na glasi yake. Kanuni za Wizara zilitaka ukubwa wa glasi ulingane na cheo cha mnywaji, hata kwa maji, na cheo chake kilistahili kiglasi kama kizibo cha soda. Kutwa alikuwa njiani kwenda bombani, na taarifa ya utendaji ikamsifu kwa uchangamfu.

Kisoda aliipenda kazi yake kwa moyo wote. Aliuonja mvinyo, akafumba macho, akaandika: jibini kali, chokoleti chungu, lozi za kukaanga, mwisho wa mlo, glasi ndogo kwa kila mtu.

Mkurugenzi wa Itifaki aliusoma ushauri huo akiwa amesimama.

"Binti, jibini nimekubali. Chokoleti nimekubali. Hii glasi ndogo ni ya nani?"

"Ya kila mtu, mzee. Huu ni wa kunywa kidogo kidogo."

"Waziri anywe kidogo? Watu waseme amefulia?"

"Atalewa, mzee."

"Waziri halewi. Waziri huchangamka." Akayakata maneno ya glasi ndogo kwa mstari. "Na ukinibishia tena, kuthibitishwa kazini utakusikia kwa jirani."

Jioni mjomba wake Kisoda, aliyemsomesha kwa kushona viatu, aliuliza kama kawaida: "Kazi imekaa, mwanangu?"

"Imechuchumaa, mjomba. Ikikaa nitakwambia."

Siku ya uzinduzi, Waziri aliwekewa bilauri ya kushikwa kwa mikono miwili. Wakurugenzi walipata majagi. Kisoda alipata kiglasi chake. Itifaki haikuruhusu mtu kuweka chombo chini kabla ya Waziri, na Waziri, kwa heshima ya mradi, aliimaliza.

Uchangamfu ukatamalaki. Mkurugenzi wa Itifaki alimkumbatia mpishi akimwita shemeji. Waziri akashika kipaza sauti, machozi yakimlengalenga.

"Mama yangu," alisema, "alisimama kwenye foleni za ofisi hizi mpaka soli zikaisha. Kila dirisha, njoo kesho. Leo wanaosema njoo kesho ni sisi." Akapenga kamasi. "Basi kuanzia kesho wakurugenzi wote wakakae mapokezi, mwezi mzima, wawasikilize watu. Na huyo mtoto wa kiglasi athibitishwe. Ndiye pekee aliyesimama wima humu."

Ukumbi ulipiga makofi. Wakurugenzi ndio waliopiga zaidi, kwa kuwa hawakuwa wamesikia.

Asubuhi waliomba tamko lifutwe. Haikuwezekana. Kanuni aliyoitunga Mkurugenzi wa Itifaki mwenyewe ilisema neno la Waziri likishapita kwenye kipaza sauti ni sera.

Hivyo Mkurugenzi akaketi mapokezi, kichwa kikimgonga, foleni ikiuzunguka ukuta. Bibi mmoja mwenye sauti kubwa alikuwa anamweleza habari ya kibali chake cha duka.

"Taratibu, mama," alinong'ona Mkurugenzi.

"Nimesema taratibu mwaka mzima, baba. Hukuwepo."

Kisoda akapita, simu sikioni. "Imekaa, mjomba," alikuwa akisema. "Imekaa kabisa, na miguu imenyoosha."

"Binti," aliita Mkurugenzi, midomo imemkauka. "Naomba maji. Mengi."

"Sawa, mzee."

Alikwenda bombani. Njiani akaitazama kanuni ya glasi iliyobandikwa ukutani, mstari wa chini kabisa, penye glasi ya mtu wa mapokezi. Akarudi na kile kiglasi chake, kimejaa pomoni, amekishika kwa vidole viwili kisimwagike.

Mkurugenzi alikitazama, akaitazama foleni.

"Kunywa tu, mzee," Kisoda alimwambia kwa upole. "Nitakwenda tena. Bomba haliko mbali."