Pijo Lililovaa Nguo za Oduori

Jumatatu, 2 Juni

Nimeamka na mpango. Jumamosi ukoo unakutana Nambale kugawa nguo za marehemu mume wangu, Oduori. Shemeji Methuselah ametangaza mbele ya watu: Pijo 404 la marehemu likifika kwa magurudumu yake, ni langu. Likivutwa kwa kamba, ni lake, na ataliuza kama chuma chakavu. Chuma! Gari ambalo Oduori alilipangusa taa kwa leso yake kila asubuhi kabla ya chai.

Fundi Collins wa hapa Malaba amefungua boneti akacheka. Mama, kasema, spea za hili zilizikwa kabla ya mzee. Raba za chini zimeoza. Ngozi ya pampu ya petroli imepasuka. Gasketi ya pampu ya maji haipo kabisa.

Jumanne, 3 Juni

Nimevuka mpaka hadi Tororo kutafuta spea. Mwenye duka alinituma kwa mwenzake, mwenzake akanirudisha kwake. Mmoja aliniita nyabo, yaani mama, akanishauri ninunue pikipiki. Nimerudi na ndizi.

Collins anasema raba ni raba na ngozi ni ngozi, nimletee yoyote iliyo ngumu. Nyumbani kuna sanduku la Oduori. Kwao nguo za marehemu haziguswi mpaka zigawanywe. Lakini gambuti ni nguo? Nimefikiri sana. Si nguo.

Jumatano, 4 Juni

Gambuti zimekuwa raba za chini. Jalada la kitabu chake cha nyimbo limekuwa gasketi. Koti la ngozi limetoa kipande cha pampu. Koti ni nguo, nakubali. Ila nimekata mgongoni, na atakayegawiwa hawezi kuona mgongo wake mwenyewe.

Mfukoni nimekuta karatasi ya peremende. Nimeiweka.

Alhamisi, 5 Juni

Limewaka! Lilikohoa kwanza, likanyamaza, likamalizia na kakohozi kadogo. Collins anasema ni hewa kwenye petroli. Mimi nimelala kando ya kikohozi hicho miaka yote ya ndoa.

Tumelijaribu njia ya Angurai. Linaelemea kushoto, kama Oduori alivyolionea huruma goti lake la kulia. Mbele ya kibanda cha Amoding, muuza ugoro, likazima lenyewe. Amoding akatoka na kipakiti cha Oduori tayari mkononi. Kisha akakumbuka. Akarudi ndani akafunga dirisha.

Ijumaa, 6 Juni

Collins hataki tena kuingia ndani ya gari. Anadai likipanda mlima linaimba. Nimemwambia ni gasketi. Ndiyo mama, kasema, ubeti wa pili. Anataka atoe vitu vya mzee atie tyubu ya baiskeli. Nimekataa. Tyubu haimjui mtu.

Mpango: kesho niegeshe mbali, nyuma ya kanisa, Methuselah asisikie kitu.

Jioni nimekaa garini, injini imezimwa. Kiti cha dereva kilikuwa na joto. Nimemweleza habari za ndizi.

Jumamosi, 7 Juni

Tumefika kwa magurudumu! Ila usukani ulikataa kukata kona ya kanisa. Gari limeenda moja kwa moja hadi uani, likasimama pale pale alipozoea kuegesha Oduori, likakohoa. Watu wote wakainuka. Shangazi Naliaka akasema, "Umechelewa, Oduori," kisha akajiziba mdomo. Kamba ikamtoka Methuselah mkononi.

Halafu koti likatolewa kwenye sanduku nililokuja nalo. Shimo! Methuselah akapata sauti, akanitaja jina. "Akiror! Ndugu yangu umemgawa peke yako! Umemtia kwa injini!"

Wazee wameamua. Gari ni langu, maana ahadi ni ahadi. Lakini vitu vya marehemu vitoke leo leo. Collins kaitwa, kaja kwa pikipiki. Amevitoa kwa koleo, bila kuvigusa, akatia tyubu ya baiskeli. Vimegawanywa na vingine.

Nimerudi Malaba nikiendesha. Gari halikohoi. Halielemei popote. Njia nzima sikuwa na mtu.

Jumapili, 8 Juni

Nimetubu kanisani. Nimeapa kwamba kitu cha Oduori hakitaingia tena garini. Moyo mweupe.

Mvua imenyesha na kioo cha mbele kinavuja. Kinahitaji raba nzuri. Jirani yangu Bridgit, mjane mwenzangu kutoka Sio Port, ana koti la mvua la mumewe mvuvi. Raba nene, safi kabisa. Walimtoa nalo ziwani. Bridgit ananisihi nilichukue, maana hata kiangazi linadondosha maji sakafuni. Anasema marehemu wake alikuwa mtu wa hadithi, hakosi neno safarini.

Si la Oduori. Kiapo kiko salama. Collins analikata kesho asubuhi. Sijamwambia ni la nani. Halafu mimi na Bridgit tutalijaribu gari kidogo. Tutaliacha lichague njia lenyewe.