Jogoo wa Hija ya Patmo

Baltazari alikuwa ameuza safari ya meli, na meli hakuwa nayo. Hata mtumbwi hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni pikipiki nyekundu, suti ya mtumba iliyomkaa vizuri mabegani, na karatasi mia moja alizochapisha kwenye duka la fotokopi pale Kamunyonge, zenye picha ya meli nyeupe kubwa kuliko soko la Musoma. Chini ya picha iliandikwa: HIJA KWA NJIA YA MAJI. NAZARETI, KANA, EFESO, PATMO. CHAKULA NDANI.

Hicho chakula ndicho kilichomleta mteja wa kwanza, Jeska, mwenye duka la mbegu Bunda. Alitoa kianzio cha laki nane, akaambiwa asubiri simu. Akasubiri. Subira ni fadhila, na Baltazari hakuwa mtu wa kumnyima mwenzake fadhila.

Kijiji cha Buswahili mambo yalikuwa magumu. Walimsikiliza vizuri, wakamlisha ugali na maziwa ya mgando, wakamsindikiza hadi barabarani, na hakuna aliyetoa hata mia. Alikuwa ameanza kuichukia Biblia yote ndipo Mama Consolata wa Kibara alipompigia mwenyewe.

"Baba, karatasi yako imenifikia," alisema. "Hapa kigangoni tuko watu kumi na wawili tunaoitamani hiyo Patmo. Pamba tumeshauza. Ila watu wa huku ni wagumu, mtu wasiyemjua hawampi kitu. Njoo Jumapili kwenye mnada wa kanisa, wauone mkono wako."

"Mama, mkono wangu ni mrefu."

"Ndivyo nilivyosikia."

Watu kumi na wawili, kila mmoja laki nane. Baltazari aliacha shule darasa la tano, lakini hesabu za namna hiyo hazikuwahi kumshinda. Milioni tisa na laki sita.

Mnada wa kanisa aliujua. Baada ya ibada, vitu walivyotoa waumini, ndizi, mahindi, kuku, hunadiwa uwanjani. Mtu akinunua kwa bei ya kushangaza hupigiwa makofi, na akikirudisha kitu kinadiwe tena hupigiwa vigelegele. Kuku mmoja anaweza kuuzwa mara nne na jioni akawa bado ana roho yake. Mpango wa Baltazari ulikuwa kutaja bei kubwa, kisha kusema atatuma kesho kwa simu. Kesho yake ilikuwa mbali kuliko Patmo.

Jumapili alifika akiwa ananukia. Katekista Leodgar, mtu mrefu mwenye viatu vilivyolika upande kwa kutembelea wagonjwa vitongoji vitatu, aliizunguka ile pikipiki taratibu.

"Inakunywaga mafuta sana?"

"Wala, baba katekista. Inanusa tu."

Mzee Magige, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alisogea na fimbo yake.

"Mura, kijana wangu, hiyo meli inapita Kana?"

"Inatia nanga kabisa, mzee."

Katekista alikohoa. Kutia nanga Kana ni sawa na kutia nanga mlimani Butiama. Kisha akaokota jogoo mwekundu na kumwinua juu.

"Jogoo wa Bwana! Nani anaanza?"

"Elfu kumi!" alisema Magige.

"Elfu hamsini!" Baltazari alinguruma. "Nitatuma kesho..."

"Taslimu tu, baba," Leodgar alisema kwa upole. "Ahadi tuliziacha mwaka jana. Paroko alizikuta nyingi kuliko waumini."

Watu wakacheka. Mfukoni Baltazari alikuwa na laki tisa: nane za Jeska na moja yake, ya halali au karibu na halali. Akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Laki moja," alisema Magige. "Na nikishinda, hawa kumi na wawili wasafiri na mtoto wa ndugu yangu wa Mwanza. Naye ana meli."

"Hayo ndiyo maneno!" mtu akapiga kelele.

Suti ikaanza kubana. Milioni tisa na laki sita zilikuwa zinaondoka kwenda Mwanza.

"Laki mbili!"

"Tatu, mura."

"Tano!"

"Sita."

Baltazari akatoa bunda zima na kulitupa kikapuni. "Laki tisa!"

Magige akajikuna shingo. "Laki tisa," alisema, "na fahali."

Fahali huyo wa Magige alijulikana na wote, yule wa pembe moja iliyopinda. Baltazari aliwatazama wale kumi na wawili, wamekaa mbele na sare zao za kwaya. Mmoja wa nyuma alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, bila shaka anasali. Akachomoa ufunguo.

"Na pikipiki! Kadi iko chini ya kiti! Ni sadaka, ndugu zangu! Ya Mungu haidaiwi!"

Neno hilo alilisema mara mbili, kwa sauti ya kufika Mwanza. Magige akainua mikono kwamba ameshindwa. Vigelegele vikapasuka, na ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa kanzu ya katekista.

Baltazari akamvuta Mama Consolata pembeni. "Sasa mama, tumalizane."

"Tumalizane nini, baba?"

"Vianzio."

"Aa, hivyo utapewa. Siku meli ikifika."

"Mama! Si nimeonyesha mkono?"

"Umeuonyesha, tumeuona. Lakini sisi hata ng'ombe tunalipaga tukimwona mkia. Meli yako tumeona nini?"

Hapo kile kitabu cha nyimbo kikashuka.

"Za siku nyingi, kaka Baltazari," alisema Jeska. "Simu bado naisubiri."

"Huyu ni mtoto wa dada yangu," alisema Mama Consolata. "Laki nane hazikuwa zako za kutoa, zinarudi kwa mwenyewe. Zilizobaki ni sadaka yako. Mungu akuzidishie."

Baltazari alitaka kutaja polisi, akakumbuka ni nani angeulizwa maswali kwanza.

"Na huyo wa Mwanza?" alimuuliza Magige kwa sauti ndogo.

"Anauzaga nyanya, mura. Meli anaionaga ikipita."

Akajaribu kumrudisha jogoo anadiwe tena, angalau apate vigelegele vyake. Wakakataa. "Nenda naye, baba. Umemlipia."

Gharama za hija zilikuwa hizi. Laki nane zilirudi Bunda, dukani kwa Jeska. Laki moja ilinunua bati nne za kanisa. Pikipiki inazunguka vitongoji vitatu, na katekista anasema kweli, inanusa tu. Jogoo aliuzwa stendi ya Kibara elfu kumi na tano, nauli mpaka Musoma ikala elfu kumi na mbili. Baltazari akashuka na elfu tatu, na karatasi tisini zenye picha ya meli.