Sababu Tisa za Injini Kugoma

Jumatatu, tarehe 8. Asubuhi ya mawingu, upepo hafifu, ziwa limetulia tuli.

Jana kikao cha familia kilimaliza ubishi wa miaka miwili. Injini ya boti ya marehemu baba mkwe, iliyolala stoo tangu alipotutoka, itakuwa ya "yule atakayeifikisha ng'ambo siku ya Jumamosi kumchukua mama mkwe." Maneno hayo niliyaandika mwenyewe. Nilikuwa katibu. Mama mkwe anarudi kutoka kwa dada yake na hajui lolote.

Wagombea wawili. Wifi yangu anadai haki kwa kuwa injini ni ya baba yake. Mimi nadai haki kwa kuwa nina cheti cha kidato cha nne na daftari. Nimepewa nafasi ya kwanza. Nikishindwa, inahamia kwake bila mjadala.

Nimeifunga kwenye ukingo wa pipa la maji uani, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Nimeisugua ikang'aa. Nimeandika sababu tisa zinazoweza kuifanya isiwake, kwa mpangilio, kuanzia mafuta hadi kutu. Siku tano, sababu tisa. Hesabu inakubali.

Nimepata na faida ndogo. Chini ya mpini palikuwa na kijikamba chekundu kilichojisokota kama waya wa simu ya mezani, hakifanyi kazi yoyote. Nimekichomoa, nimeifungia shajara hii. Karatasi zilikuwa zinanidondoka. Sasa imependeza.

Jumanne, tarehe 9. Jua kali tangu saa moja.

Sababu ya kwanza: mafuta. Petroli ya zamani ilikuwa inanuka kama rangi ya mlango. Nimemwaga yote, nimetia mpya na oili kwa kipimo. Nimeminya pampu ya mpira mpaka ikawa ngumu. Nimevuta kamba ya kuwashia.

Kimya.

Wifi alitoa kiti, akakaa mlangoni kwake akikata kucha, akawa ananihesabia kwa sauti. Alipofika arobaini na tatu aliniuliza kama ninawasha injini au ninachota maji kisimani. Nilimjibu kwamba utafiti una hatua zake. Bega la kulia limekufa ganzi. Naandika kwa taabu.

Jumatano, tarehe 10. Manyunyu mpaka saa mbili, kisha mwanga.

Sababu ya pili: plagi. Ya zamani imeungua ncha. Dukani hawana. Nimekumbuka kwamba pikipiki ya mume wangu ina plagi inayofanana nayo kabisa, na mwenyewe alikuwa bado bafuni. Nimebadilisha kwa dakika nne. Kazi safi.

Injini: kimya.

Pikipiki: kimya pia, maana ndiyo iliyopata plagi mbovu. Sikuwahi kuirudisha. Mume wangu ameisukuma hadi kazini. Ameniuliza jioni kama nimeona mtu yeyote karibu na pikipiki yake. Nimesema sijamwona mtu mwingine yeyote, jambo ambalo ni kweli.

Alhamisi, tarehe 11. Mawingu mazito, hakuna mvua.

Sababu ya tatu hadi ya sita kwa mpigo: nimefungua kabureta. Nimeipanga vipande vipande kwenye sinia mezani jikoni, kila kipande na namba yake. Nimesafisha kwa mswaki (wa mume wangu, lakini nimeuosha). Nimerudisha vyote. Imebaki skrubu moja. Nimeikagua kwa makini, nikaamua ilikuwa ya ziada.

Kimya.

Nikaja na mbinu. Nimenakili orodha yangu, lakini nikaandika kwa herufi kubwa kwamba tatizo lenyewe ni panga la injini, lile linalozunguka majini, nikaiangusha "kwa bahati mbaya" mlangoni kwa wifi. Zamu yake ikifika, ahangaike na panga mwezi mzima.

Baada ya nusu saa amenirudishia karatasi, imekunjwa vizuri. Chini ya sababu ya tisa ameongeza ya kumi: "Mwenye mashine."

Nimeshindwa kula vizuri.

Ijumaa, tarehe 12. Upepo, vumbi, nguo zote zimeanguka kwenye kamba.

Nimekubali msaada. Nimeipakia injini kwenye toroli, nimeifunika shuka, nimeipeleka kwa Fundi Sikio, anayetengeneza redio na kila kitu kingine kwa kukisikiliza. Njiani wifi alisalimia ile shuka. Akaiuliza inaendeleaje na homa.

Fundi Sikio ameweka sikio, akaniambia nivute, akafumba macho. Kasema cheche haiji kabisa. Akauliza kama kuna kitu chochote kimetolewa. Nilikasirika kidogo. Nimemfungulia shajara nimwonyeshe: kila kilichotolewa kimeandikwa, kila kilichotolewa kimerudishwa. Akaomba basi nimwazime kile kijikamba chekundu afungie waya uliolegea. Nikakataa. Kila kitu kina kazi yake, nikamwambia. Akasema labda koili imekufa, na koili haipatikani.

Sababu ya saba, ya nane na ya tisa zimekwisha. Kesho ndiyo kesho.

Jumamosi, tarehe 13. Asubuhi angavu, ziwa kama kioo.

Wifi alinikuta ufukweni nimeshaifunga injini kwenye boti. Amebeba makasia begani na anatabasamu. Nikavuta mara moja kwa heshima ya watu. Kimya. Ndipo akili ikanijia. Nikamsomea uamuzi wa kikao, neno kwa neno: "atakayeifikisha ng'ambo." Haikuandikwa iwe inawaka. Nikamwambia mama anasubiri juani, na makasia anayo yeye.

Akasema, "Wifi, wewe una akili, ila zinakukimbia." Akapiga makasia. Mimi nikakaa nyuma, nimeshika mpini wa injini, nimenyooka.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Hakusalimia. Alikuwa anaitazama shajara kwapani mwangu.

"Mwanangu, kamba ya mzee inafanya nini kwenye daftari lako?"

Nikasema ipi.

Akaifungua kamba mwenyewe, akapanda botini. Akaipachika chini ya mpini, ncha ya pili akajifunga mkononi. Akatueleza kwamba marehemu alikuwa akiivaa hivyo ili akianguka majini injini izime yenyewe, na bila kamba hiyo haiwaki hata uiombe kwa machozi. Akavuta mara moja.

Ikanguruma!

Wifi alicheka mpaka kasia likamponyoka. Tukazunguka mara mbili kulifuata. Alipopata pumzi akamweleza mama habari za kikao. Mama akapunguza moto wa injini ili asikike vizuri.

"Mmegawana injini ya mume wangu. Na mimi mmenigawa kwa nani?"

Akatoa uamuzi mwenyewe. Injini ni yake. Wifi atakuwa nahodha wake. Mimi nimepewa usafi wa boti.

Tathmini. Kati ya sababu kumi, tisa nilizimaliza mimi. Injini imewaka bila ile skrubu, kwa hiyo ilikuwa ya ziada kweli. Mbinu ilikuwa sahihi kwa jumla.

Jioni tumeivuta boti mchangani, nami nimeisafisha vizuri sana. Karatasi za shajara zilikuwa zinadondoka tena, lakini kwa bahati nimekuta sakafuni, kwenye kitobo kidogo cha nyuma, kizibo cha mpira chenye mnyororo mfupi, hakifanyi kazi yoyote. Kinaikaza shajara kuliko hata ile kamba. Kesho saa mbili asubuhi wifi anamvusha mama kwenda kuchukua sanduku la pili, nami nimeahidi kuwasindikiza.

Saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Nalala.